Kadi Inayovuka Mto na Kadi Isiyovuka

Davenport, Iowa, na Rock Island, Illinois

Mississippi inajulikana kwa kushuka kusini, lakini hapa kwenye miji iitwayo Quad Cities imepinda ikaelekea magharibi, hivyo Iowa iko kaskazini mwa mto na Illinois kusini. Davenport na Bettendorf zimekaa upande mmoja, Rock Island na Moline upande wa pili, na watu huvuka madaraja kwenda kazini, dukani na kanisani bila kupunguza mwendo. Fundi umeme huvuka nao. Leseni yake ndiyo hubaki nyuma.

Iowa hutoa leseni ya fundi umeme kama jimbo, utaratibu ulioanza 2008, na kadi yake inatambulika jimbo zima. Illinois haina leseni ya namna hiyo. Miji ndiyo yenye kanuni na madaftari ya mafundi, kwa hiyo mtu aliyezeekea kazini Davenport akiitwa kubadilisha meni swichi ya duka ng'ambo ya mto, anaanza kwa kuuliza ofisi ya mji inataka nini. Fundi mmoja niliyemuuliza sababu alipandisha mabega tu. Sababu ipo, ila ni ya zamani. Katiba ya Marekani iliyaachia majimbo mamlaka yote ambayo haikuikabidhi serikali kuu, na mwaka 1889, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia iliyomhusu tabibu, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kuamua nani afanye kazi ya kitaalamu ndani ya mipaka yake. Baada ya matabibu zikafuata kazi nyingine nyingi.

Nilikuwa nimetoka Minneapolis, ambako mambo haya ni mepesi zaidi. Minnesota imekubaliana na Iowa, Dakota zote mbili, Nebraska na majimbo mengine kadhaa kutambuana kwa mafundi kamili, yaani wale waliomaliza uanagenzi lakini hawajawa fundi mkuu. Mtu hujaza fomu, hulipa ada, basi. Ila masharti yana meno. Kwa kawaida lazima uwe ulifaulu mtihani wa jimbo ulilotoka na kushika leseni angalau mwaka mmoja. Iowa yenyewe ina daraja A kwa waliofanya mtihani na daraja B kwa wakongwe waliopewa leseni kwa uzoefu wao, na hilo la B majirani hawalipokei. Tena leseni uliyoipata kwa kutambuliwa mara nyingi haikupeleki jimbo la tatu. Kama hukukalia mtihani, ni ya kuazima, na cha kuazima hakiazimishwi.

Rock Island na Moline Kiswahili kinasikika sana, hasa kile cha Kivu, maana Wakongo wengi wamepewa makazi hapa na wengi wao wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Mmoja wao, mtu wa Uvira, alikuwa fundi umeme kabla ya vita kumfikisha kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Sasa anakata nyama usiku. Nilimkuta mchana, macho mekundu, akaniandalia chai bila kuulizwa.

“Kaka, nyumba nilizofunga Uvira hazihesabiki,” aliniambia. “Hapa wananiuliza saa. Saa elfu nane. Uvira nani alikuwa anaandika saa?”

Saa 8,000 ndicho kipimo cha majimbo mengi, sawa na miaka minne hivi ya kazi chini ya fundi mwenye leseni, na lazima mtu azitie saini. Bosi wake wa Uvira alikwisha kufariki, na karakana ilikwisha kuporwa. Hata angepata karatasi, ingeshuhudia kazi iliyofuata kanuni nyingine, kwenye umeme wa soketi za voti 220. Huku soketi ya ukutani ni voti 120. Kwa hiyo mijadala yote ya jimbo lipi linatambua leseni ya jimbo lipi humpita juu ya kichwa. Yeye hana hata ya kwanza ya kukataliwa.

Lakini sitaki kusema mtihani ni ukorofi mtupu. Nyumba za zamani za Tanga na Mombasa zilifungwa kwa rangi za Kiingereza: waya mwekundu una umeme, mweusi ni nyutro. Marekani mweusi ndio wenye umeme na nyutro ni mweupe. Fundi wa kwetu mwenye mikono iliyozoea, akiamini macho yake badala ya testa, anaweza kushika mweusi kwa utulivu kabisa. Nilipomtajia jambo hilo yule ndugu alicheka, akasema jambo la rangi analijua na si la kumfundisha miaka minne. Nadhani yuko sawa. Mtihani ungelimaliza asubuhi moja. Saa 8,000 ndizo zinazomrudisha kuwa mwanagenzi kwenye umri wa kuwa na wajukuu.

Chicago

Mji unaojitegemea kama dola. Una kanuni yake ya umeme, na jambo la kwanza mgeni analokutana nalo ni mabomba. Kwingi Marekani nyumba ya kuishi hufungwa kwa nyaya zilizovikwa ganda moja la plastiki, unazipenyeza kwenye mbao na kuzipigilia. Chicago inataka nyaya zipite ndani ya bomba la chuma, hata chumbani kwa mtoto. Fundi wa hapa anajua kukunja bomba kwa jicho. Fundi wa Iowa aliyezoea nyumba za mbao angehitaji muda kabla hajalikunja bila kulibonda. Hapo nilielewa kwa nini majimbo hayaaminiani upesi. Kanuni ya kitaifa ipo tangu 1897 na hurekebishwa kila miaka mitatu, lakini inatolewa na NFPA, shirika binafsi lenye makao Quincy, Massachusetts, na haiwi sheria mpaka jimbo au mji uipitishe, kwa toleo unalotaka na kwa viraka vyake.

St. Louis, Missouri

Hapa ndipo chama cha mafundi umeme, IBEW, kilipozaliwa 1891. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, alizunguka mji hadi mji akiwaandikisha mafundi wa nguzo, na 1896 aliuawa na kazi yenyewe: alipigwa na umeme akaanguka. Chama kimejijengea njia yake ya kuvuka mipaka. Mwanachama mgeni hujiandikisha kwenye daftari la pili la tawi la mji alikofika, na zamu yake huja wenyeji wakishakwisha kwenye la kwanza. Ni utaratibu mzuri, ingawa haukupi leseni. Panapohitajika kadi, utaitafuta vilevile.

Kichekesho kiko juu ya nguzo. Kimbunga kikipiga Ghuba ya Mexico, magari ya makampuni ya umeme hufuatana kusini yakipita jimbo baada ya jimbo, na watu waliomo watagusa nyaya za voti 7,200 bila kuonyesha leseni ya fundi ya jimbo lolote, kwa kuwa mitambo ya makampuni hayo iko nje ya kanuni ile ya kitaifa. Mwenye kuhitaji kadi ni yule wa soketi ya jikoni. Nililitaja jambo hili kwenye behewa la treni ya kusini na kuanzisha ubishi uliodumu mpaka tulipoingia Arkansas.

Texarkana

Treni ya Texas Eagle ilinishusha alfajiri. Mji mmoja, majimbo mawili, na barabara iitwayo State Line katikati. Jengo la posta na mahakama ya shirikisho limekaa juu ya mpaka. Mtu angetegemea vurugu. Lakini Texas na Arkansas zinatambuana kwa mafundi kamili, na fundi niliyezungumza naye, mama wa makamo mwenye ovaroli ya rangi ya kaki, alinionyesha kadi mbili kwenye pochi moja. Ya Texas aliipata kwa mtihani, ya Arkansas kwa fomu.

Ila kadi hizo zinamruhusu kufanya kazi chini ya mwingine. Akitaka kuchukua kibali na kuwa mkandarasi pande zote mbili, kila jimbo linamtaka aanze upya na karatasi zake. Na kila mwaka Texas humtaka saa 4 za masomo ndipo ihuishe kadi. Hakulalamikia masomo. Alilalamikia ada mbili.

Aliniuliza kwetu ikoje. Nikamweleza Namanga, mji mwenye jina moja Kenya na Tanzania: upande wa Kenya mafundi wako chini ya mamlaka ya nishati, EPRA, upande wa Tanzania chini ya EWURA, na mikataba ya kutambuana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwatanguliza wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi.

“Wahandisi?” akasema. “Hao si hukaa ofisini?”