Shanta Mgongoni, Ndoana Mkononi: Safari ya Mto Buffalo

KAMA umewahi kubeba gunia la viazi kutoka shambani hadi barabarani, wajua jinsi mgongo unavyoanza kukuuliza maswali kabla hujafika nusu ya njia. Mimi niliulizwa maswali hayo katika milima ya Ozark, jimbo la Arkansas nchini Marekani, nikiwa na shanta la kilo 19 mgongoni na ufito wa kuvulia samaki mkononi.

Mwenyeji wangu alikuwa binamu yangu, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye makao yake ni mji wa Fayetteville. Akipata mapumziko haendi kustarehe mijini. Hufunga hema, hutia unga na sufuria ndani ya shanta, akatokomea mtoni siku tatu.

"Unakuja kutembea au unakuja kuvua?" aliniuliza kwa simu kabla sijapanda ndege.

Nikamjibu yote mawili. Akacheka kicheko ambacho sikukielewa hadi nilipofika.

Ozark si milima mirefu mithili ya Kirinyaga. Ni nyanda za juu zilizochongwa na mito kwa muda mrefu mno, sehemu kubwa ikiwa katika majimbo ya Missouri na Arkansas. Mawe yake mengi ni ya chokaa, kwa hivyo ardhi imejaa mapango na chemchemi. Mto Buffalo hupita katikati ya magenge hayo kwa takriban kilomita 240 kabla ya kumwaga maji yake katika mto White. Genge moja liitwalo Big Bluff lina urefu wa takriban mita 150. Hebu likumbuke jumba la KICC pale Nairobi, kisha uliongezee karibu nusu yake.

Maji hayo yalinusurika kufungwa. Wahandisi wa jeshi la Marekani walikuwa na mipango ya kujenga mabwawa, lakini mwaka wa 1962 daktari mmoja wa Bentonville, Neil Compton, pamoja na wenzake walianzisha chama cha Ozark Society kupinga jambo hilo. Mvutano ulidumu miaka kumi. Mnamo Machi 1, 1972, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria iliyoufanya Buffalo kuwa mto wa kwanza wa kitaifa nchini humo. Hadi leo hauna bwawa.

Tulianza safari Ponca mwanzoni mwa Juni. Hapo pana daraja la chini la zamani, na wenyeji hutazama nafasi iliyobaki kati ya daraja na maji ndipo waamue kama siku hiyo ni ya mtumbwi au ya miguu. Binamu aliinama, akatazama, akasema maji ni ya miguu.

Kuna njia mbili. Moja, iitwayo Buffalo River Trail, hupita juu magengeni kwa karibu kilomita 60 kutoka Boxley hadi Pruitt. Ukiifuata hiyo utaona mandhari ya kukata pumzi, ila mto utakuwa chini kabisa na samaki utawaona kwa macho ya moyo. Ya pili ni Old River Trail, njia ya kale ya wakulima wa bonde, ambayo huuvuka mto mara kwa mara. Mvuvi huifuata hii, na viatu havikauki hata siku moja.

Sasa nikakielewa kile kicheko. Anayetembea hutaka kufika, ilhali anayevua hutaka kukaa. Siku ya kwanza nilikuwa nimejipangia kilomita 15, kama mtu anayekwenda kuripoti kazini. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumetembea tatu tu, hadi kambi ya Steel Creek, kwa sababu kila kona ina kidimbwi cha kijani na kila kidimbwi kina mwamba uliozama wenye samaki chini yake. Binamu alitua mzigo na kukataa katakata kuondoka. Nilikasirika kwa nusu saa hivi, kisha nikashika samaki wangu wa kwanza.

Samaki anayetafutwa zaidi hapo ni smallmouth bass. Jamaa yake unamjua. Ni yule bass wa Naivasha mwenye mdomo mkubwa zaidi, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini na aliyetiwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1920. Huyu wa Ozark hupenda maji baridi yanayotembea na mawe ya kujificha. Rangi yake ni ya shaba, macho yana wekundu, na akishika ndoana huruka nje ya maji kana kwamba ametusiwa.

Chakula chake kikuu ni kamba wa mtoni, wale wenye magando. Hao pia tunao Naivasha tangu 1970, wa aina inayotoka Louisiana, jimbo linalopakana na Arkansas upande wa kusini. Kwa hiyo chambo chetu kilikuwa kamba wa plastiki wa kahawia, urefu wa kidole, ambaye unamwacha azame hadi chini kisha unamvuta kidogo kidogo juu ya mawe. Ukivuta upesi humpati. Mimi niliyezoea kuwatazama watu wakivua trauti katika mito ya Nyeri kwa kurusha mshipi juu ya maji, ilinibidi nijifunze upya.

Nilipomshika wangu nilitafuta kisu. Binamu akamchukua, akampima kwa alama alizochora kwenye ufito, akamrudisha majini. Nilishangaa! Akanieleza kwamba katika mito ile bass hukua polepole, na kufika sentimita 30 humchukua miaka minne au zaidi. Tulikula samaki wadogo wenye matumbo ya rangi ya machungwa, jamii ya sunfish, ambao ni wengi. Tuliwaviringisha katika unga wa mahindi na kuwakaanga, jinsi wenyeji wa Ozark wafanyavyo, na unga uliobaki ukawa ugali. Sijui kama milima ile imewahi kunusa ugali ukiungua hivyo.

Siku ya pili tulivuka mto mara nne. Hapa nakupa siri moja, msomaji: kabla ya kuvuka, legeza mikanda ya shanta. Ukiteleza, mzigo uende peke yake. Na chukua fimbo ya tatu ya kujishikilia, kwa maana ufito wa kuvulia hauhimili mtu.

Upande wa kaskazini tulipanda bonde la Hemmed-In Hollow kuona maporomoko ya maji ya mita 64. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda, hivyo maji yalishuka kama uzi unaopeperushwa na upepo. Lakini kilichonikaa moyoni ni kibanda cha mbao kilicho karibu na hapo, kwenye kijito cha Sneed.

Aliishi humo ajuza mmoja, Eva Barnes Henderson, ambaye wote walimwita Granny Henderson. Alikuwa mjane akiishi peke yake na mifugo yake, bila umeme. Mto ulipokuwa mali ya taifa, serikali ilinunua mashamba ya bonde hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 bibi huyo ikambidi ahame. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Nilisimama kwenye veranda ile nikawakumbuka Waendorois, waliofurushwa kando ya ziwa Bogoria mwaka wa 1973, karibu wakati uo huo, ili hifadhi ya wanyama ipate nafasi. Wao angalau walipata uamuzi wa kuwaunga mkono kutoka kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mnamo 2010. Mto mwema niliokuwa nikiufurahia ulimgharimu mtu nyumba yake, na bado sijui niseme nini juu ya hilo. Bwawa nalo lingemfunika yeye na samaki pamoja.

Usiku huo tulifanya kosa. Tulipiga hema juu ya changarawe kando ya maji kwa kuwa palikuwa tambarare na mgongo wangu ulikuwa umegoma. Binamu alinung'unika lakini alinihurumia. Nyota zilikuwa tele na mvua haikunyesha hata tone pale tulipolala.

Ilinyesha juu, kuelekea Boxley. Mnamo saa nane usiku niliamshwa na mlio wa mawe yakigongana. Nilipotoa mkono nje ya hema niligusa maji.

"Amka ndugu yangu, amka! Acha vyote, shika hema!"

Tulipanda ukingo gizani, miguu mitupu, tukiburuta hema kama samaki mkubwa. Chini yetu mto uliokuwa ukiimba jioni ulikuwa sasa unanguruma, wenye rangi ya chai ya maziwa. Hadi kulipopambazuka, changarawe yetu ilikuwa imezama kiasi cha mtu kufika kiunoni. Ufito wa binamu, ambao alikuwa ameuegemeza kwenye gogo, haukuonekana tena. Hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikatazama kwingine.

Hatukuthubutu kuvuka tena. Tulingoja siku nzima maji yapungue, tukikausha blanketi na kula ugali mkavu, ndipo siku ya nne tukafika Kyles Landing.

Ukibahatika kwenda, huhitaji kulipa kiingilio, lakini mtu wa miaka 16 na zaidi sharti awe na leseni ya kuvua ya jimbo la Arkansas, na vipimo vya samaki hutofautiana kutoka sehemu moja ya mto hadi nyingine. Agosti sehemu ya juu hukauka sana, kwa hivyo Juni au Oktoba ni afadhali. Funga chakula juu mtini kwa sababu ya dubu weusi, jikague kupe kila jioni, na chunga nyoka kwenye mawe yenye jua. Acha nyumbani kiti cha kukunja na makopo; vyangu vilikuwa na kilo sita peke yake. Panga kilomita tano au sita kwa siku, si zaidi. Na ulale juu ya ukingo, hata kama ni penye mteremko.

Majuzi binamu amenipigia simu kuniambia amenunua ufito mwingine. Bei yake alinitajia mara mbili.