UKITOKA NGAMIANI KWENDA PANGANI, USIPITE KAMA MZIGO!

Hivi wewe kijana wa mjini, barabara ya Pangani umewahi kushuka wapi? Wengi mtanijibu: stendi ya Pangani, basi. Sisi wa Ngamiani ndiyo zetu. Mitaa tunaitaja kwa namba bila kukosea, Coastal na African Sports tunabishania mpaka usiku, lakini mwulize mtu Tongoni kuna nini! Atakwambia "makaburi", kisha anarudi kwenye mpira.

Mwendo wenyewe ni kilometa kama 50 tu. Jumamosi moja tuliazima gari, mimi na binamu yangu aliyekuja kutoka Dar, tukaweka mafuta na mikate ya kumimina kwenye kikapu, tukaondoka. Binamu alitaka ufukwe na picha, hana habari ya kingine. Siku hizi sehemu kubwa ya njia ni lami, na hilo ndilo tatizo. Zamani mashimo yalikulazimisha upunguze mwendo na utazame pembeni. Sasa watu wanaruka tu kama wanakimbizwa.

Tulisimama kwanza Machui. Hapo jirani, Vibambani, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 akarudishwa kuzikwa nyumbani. Binamu akatoa macho. Yeye alimkariri darasani kwa ajili ya mtihani, hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenyewe ana kijiji, tena kijiji cha minazi kama vingine. Mimi niliyeishia kidato cha nne nilijiona profesa, nikamwongezea kwamba aliwahi pia kuwa karani wa forodha huko huko Pangani tunakokwenda.

Mbele kidogo ndiyo Tongoni, na hapa nawaomba mzime gari kabisa. Usiache linanguruma kama mtu anayesubiri abiria. Kuna msikiti wa mawe uliobaki kuta, na makaburi kama 40 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengi yakiwa na nguzo. Wataalamu wanasema hakuna mahali kwenye pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo pamoja kuliko hapa. Bakuli za kaure kutoka Uchina zilipachikwa kwenye nguzo hizo kama pambo. Mji uliweza kununua vyombo vya Uchina karne sita zilizopita, halafu leo mtu anasema Tanga hamna kitu!

Zamani mahali hapa paliitwa Mtangata. Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na meli yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu. Shajara ya safari ile inasema watu wa pwani waliwaletea Wareno machungwa matamu kuliko ya kwao Ureno. (Watu wa Muheza, mmesikia?) Walipokuwa wanarudi, Januari 1499, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kwa maradhi hata hawakutosha kuendesha meli zote. Wakaichoma moto São Rafael maeneo haya haya.

Mzee mmoja wa kijijini alitukuta tunazunguka. Tukampa shikamoo. "Marahaba wanangu. Mmekuja kuomba dua au kupiga picha?" Binamu akaificha kamera. Mzee akacheka, akasema piga tu, ila msipande juu ya makaburi, watu bado wanakuja kuwaombea waliolala hapo. Kisha akatuonyesha upande wa bahari. Nguzo nyingi zimeshaanguka, na maji yanakula ufuko mwaka hadi mwaka. Mimi nilikuwa nafikiri magofu yanabomoka kwa uzee tu. Pale nikaona maji yenyewe, hatua chache tu kutoka tulipokuwa.

Kigombe tulipita, tukanunua samaki wa kukaanga. Jueni tu kwamba bahari ya huku ni hifadhi tangu mwaka 2009, kwa ajili ya yule samaki silikanti ambaye wanasayansi walidhani ametoweka zamani sana, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938.

Pangani yenyewe ina majumba yenye milango ya nakshi, mengine yamechoka kweli kweli. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuwatoa jasho tangu 1888. Tulipanda kivuko kwenda Bweni, upande wa pili wa mto. Huko huko kusini kuna Kikogwe, palipopandwa mkonge wa kwanza mwaka 1893. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Mashamba yote yale mnayoyaona mkienda Korogwe mzizi wake ni hiyo miche 62! Binamu alinibishia mpaka tunashuka kwenye kivuko.

Anayetaka ufukwe aendelee mpaka Ushongo, na boti za kwenda Maziwe ziko huko. Uliza maji kwanza. Maziwe ilikuwa kisiwa chenye miti, ikaliwa na bahari mpaka miti yote ikaisha miaka ya mwanzo ya 1980. Sasa ni fungu la mchanga mweupe, na maji yakijaa huoni kitu. Kasa bado wanakwenda kutaga pale pale walipozoea, na watu wa hifadhi inabidi wayachimbue mayai wayahamishie Ushongo, nchi kavu, kabla maji hayajapanda. Sisi tulikuta maji yamejaa. Mwenye boti akatuambia turudi kesho yake saa tatu asubuhi.