Plagi Nilizozidharau

Ufundi nilijifunzia Mtwara, gereji ya chini ya mwembe, kisha nikavuka Ruvuma kurudi kwetu Mocímboa da Praia. Pwani baridi haijawahi kunisumbua. Hata kusi likivuma, Juni na Julai, shuka moja inatosha, na alfajiri gari la dizeli linashika kwa stata moja. Ndiyo maana plagi za hita, zile ambazo kwa Kireno huitwa vela, nilizidharau. Mteja akiwa na moja iliyoungua, nilimwambia: "Achana nayo, pesa yako tia kwenye breki." Gari si linatembea?

Mwaka 2020 vita vikatutoa mjini. Nikaangukia Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde, kama mita 800 juu ya bahari, na mfuko wangu wa spana. Juni iliyofuata ndipo nilipoijua baridi. Ukungu hauondoki mpaka jua lipande, na spana ukiishika alfajiri inauma vidole.

Kijana wa kwetu, dereva wa chapa, yaani basi dogo la abiria, akaniletea Hiace. "Baba, asubuhi linatetemeka kama lina homa, linagonga. Nikitembea kilomita mbili, limepona."

Mafundi wawili walishaliona. Mmoja alibadilisha maunti za injini, mwingine akafungua propela, akaifunga tena. Wote walipelekewa saa nne, gari limeshapata moto, kimya. Mmoja alimwambia anajisikilizia mwenyewe.

Nikamwambia alilaze mlangoni kwangu na ufunguo aniachie mimi. Saa kumi na moja nikapiga stata. Lilishika kwa taabu, likatikisika hata kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi sura ya mtu. Nyuma likatoa moshi mweupe unaowasha macho. Nikafumba macho nikasikiliza. Mlio ulikuwa na hesabu: tatu, pengo, tatu, pengo. Maunti iliyokufa haina hesabu, inatikisa tu.

Nililiacha linaunguruma bila kulikanyagia mafuta kwa dakika chache, nikachovya kidole kwenye kikombe cha maji, nikadondosha tone kwenye kila mkono wa manifodi ya ekzosi. Matone matatu yalichemka yakapotea. La silinda ya tatu lilikaa pale pale, linang'aa.

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, mafuta yanajiwakia. Chuma kikiwa baridi kinaunyonya ule moto, na hita ndiyo inayofidia. Silinda isiyo na hita inatema mafuta mabichi hadi injini ipate joto. Ndio ule moshi, ndio ule mtetemeko. Nilizima, nikafungua bamba linalounganisha plagi, nikazigusa moja moja kwa taa ya majaribio iliyofungwa kwenye chanya ya betri. Kwenye ya tatu taa haikuwaka.

"Hiyo imeungua zamani," nikasema.

Kijana, ambaye alikuwa ameshafika, akainama. "Ndiyo, baba. Gari lilikuwa la marehemu mzee. Alikuletea kule Mocímboa, ukamwambia aachane nayo."

Nilibadilisha zote nne, ufundi sikumdai. Maunti zile mpya hazikuwa na kosa lolote. Pesa yake ilikwishaliwa.

Mwaka 2022 nilirudi nyumbani. Gari la dizeli likiingia gereji kwangu, hita nazipima kwanza, hata Januari.