Harufu Kwanza, Sura Baadaye

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Leicester hatujambo. Bibi yako goti limempa nafuu na ameanza tena kugombana na wauza samaki sokoni. Ujumbe wako nimeupata, na pole sana kwa kufiwa na degu wako. Najua wapo jamaa zetu Tanga watakaocheka wakisikia mtu kapewa pole ya kijinyama cha kizimbani kinachofanana na panya. Waache wacheke. Mimi nimewafuga tangu binamu zako wakiwa shule ya msingi, na najua nyumba inavyopoa vile vilio vyao vya asubuhi vikipungua.

Unasema aliyebaki ni jike wa miaka mitatu, amejikunyata na chakula hakimwendi. Unasema pia umepata majike wawili wachanga, dada wa tumbo moja, kutoka kituo cha wanyama waliotelekezwa, na Jumamosi unataka kuwatia wote pamoja kwa kuwa kizimba ni kikubwa. Kumtafutia wenzake umefanya vyema. Hata sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 hapa England inamtaka mfugaji aangalie kama mnyama wake anahitaji kuishi na wenzake au mbali nao, na degu hakuumbwa kukaa peke yake. Ila Jumamosi ni mapema mno, na kizimba hicho hicho unachokisifia ukubwa ndicho kitakachokuletea balaa.

Kabla ya yote, huyo asiyekula mpeleke kwa daktari wa wanyama. Meno ya degu hayaachi kuota maisha yake yote, na yakipinda au yakirefuka vibaya mnyama hushindwa kutafuna. Huzuni na jino bovu hufanana sana kwa mtazamaji. Meno ya mbele yakiwa na rangi ya chungwa ni dalili njema. Yakipauka, mwambie daktari.

Sasa tuje kwenye tabia yao. Kwao ni Chile ya kati, kwenye vichaka na nyasi kati ya Bahari ya Pasifiki na milima ya Andes, nchi ambayo mvua huja wakati wa baridi na kiangazi hukausha kila kitu. Juan Ignacio Molina, padri wa Kijesuiti mzaliwa wa huko, ndiye aliyemwandika kitaalamu mwaka 1782. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na simbilisi na chinchila kuliko panya wetu wa darini, na hutembea mchana. Kazi zao ni za ushirika. Wakichimba shimo, wa mbele hukwangua udongo, wa nyuma yake huupokea na kuusukuma kwa miguu, naye huupokeza mwingine, mpaka unatoka nje. Majike wa kundi moja huweka watoto wao pamoja na kunyonyesha hata wasio wao.

Lipo jambo moja katika habari zao linalonipa matumaini na huyo wako. Watafiti wa Chile, akiwamo Luis Ebensperger wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile, wamewafuatilia degu wa porini karibu na Santiago kwa miaka mingi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya vinasaba vya degu wa eneo moja, na ikaonekana kwamba wanaolala shimo moja hawakuwa na undugu wa damu kuwazidi majirani wa mashimo mengine. Maisha ya porini ni mafupi, bundi na mbweha wanawala kila siku, kwa hiyo kundi hupungua, hupokea wengine, na maisha huendelea. Tena mwaka 2020 ulitoka utafiti wa maabara ambamo majike waliwekwa kati ya wanayemfahamu na mgeni, na hawakuonyesha kumpendelea wanayemfahamu. Hayo ni ya majike; kwa madume waliokomaa nisingekupa matumaini hayo kirahisi.

Kwa hiyo mgeni kugeuka ndugu ni jambo la kawaida kwao. Kisicho cha kawaida ni kizimba. Porini anayefukuzwa hukimbia na mambo yakaisha. Kizimbani anayefukuzwa hugonga waya na kurudi kwa yule yule anayemfukuza.

Na huyo wako ana sababu ya kufukuza. Degu hutambuana kwa pua kwanza, na hukojoa anapopita: kwenye ubao, mlangoni pa kijumba chake, kwenye mchanga anaouogea. Mkojo ule ukiwa mbichi huakisi mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni na yao yanauona. Jambo hilo lilipimwa na kuchapishwa mwaka 2003. Kizimba unachokiona wewe kisafi, kwake yeye kimeandikwa jina lake kila pembe. Ukimtumbukizia wasichana wawili wenye harufu ya kwingine, humletei wageni, umemletea wavamizi.

Wadogo wakifika, waweke chumba kingine kabisa kwa wiki mbili, na unawe mikono kabla ya kwenda kwa mkubwa. Ni karantini ya kawaida, wala usiwaonee huruma. Katika muda huo daktari awapime na kuthibitisha jinsia. Usimwamini mtu aliyekwambia wote majike kwa kuwatazama tu juu juu. Dume wa degu hana korodani zinazoning'inia, na jike naye ana kichomozo cha mkojo kinachofanana na uume. Tofauti iko kwenye nafasi kati ya kichomozo hicho na tundu la haja kubwa: kwa jike vimekaribiana kabisa, kwa dume kuna uwazi unaoonekana. Mimba yao ni kama miezi mitatu, na hao uliowapata huenda walikaa na dume kabla hawajafika kituoni. Uliza. La sivyo utaamka siku moja umekuwa mlezi wa ukoo.

Karantini ikiisha, gawa kizimba kikubwa katikati, kila upande uwe na maji, nyasi kavu, kijumba na gurudumu la kukimbilia. Waya wa kuku usiutumie. Matundu yake hupitisha pua na vidole, na kidole cha degu kilichong'atwa mara nyingi ndiyo imetoka. Chukua wavu mgumu wenye matundu yasiyofika sentimita moja, na ukiweza weka mbili zilizoachana kidogo, ili wanusane bila kufikiana. Kagua na kingo. Mnyama huyu hupenya pale unapoapa hapapenyeki.

Kisha wabadilishe pande kila baada ya siku mbili tatu. Wapo wafugaji wanaohamisha matandiko tu. Mimi naona hiyo ni nusu kazi; afadhali wao wenyewe wahame, mkubwa akalale kwenye kiota cha wadogo na wadogo kwenye chake, usisafishe kitu. Mara ya kwanza mkubwa atazunguka kila pembe akinusa, atakojoa juu ya kila walipokojoa wenzake, na pengine ataburuta nyasi zao zote nje ya kijumba. Mwache afanye. Baada ya mizunguko kadhaa utaona hazitoi tena nyasi, anajilaza juu yake.

Bakuli la mchanga nalo lizunguke, leo upande huu, kesho ule. Hebu keti siku moja umtazame degu akioga. Huingia taratibu, akanusa, akachimba kidogo kwa mikono ya mbele, akadondosha tone la mkojo. Halafu hujitupa ubavu na kujibiringisha upesi hata huoni tumbo limepita saa ngapi, husimama, hujikung'uta, akarudia upande wa pili. Anapotoka amebeba mgongoni harufu yake na ya waliotangulia. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokufanyia kazi ya bakuli hilo.

Utaniuliza ni muda gani. Wengine wiki mbili, wengine miezi. Unachongoja ni hiki: wakiwa kwenye wavu, meno yasigonganishwe, mikia isipigwe huku na huku, manyoya yasisimame. Ukiwakuta wanalala mchana wakiegemea wavu kila mmoja upande wake, au wakitoleana ile sauti laini ya kubembelezana, wako tayari kukutana.

Wakutanishe mahali pasipo pa yeyote, mchana, wakiwa wameshiba. Watu wengi hutumia beseni kavu la bafuni lenye taulo chini. Kwa dakika chache za mwanzo si mbaya, lakini halina pa kukimbilia. Mimi hupendelea sakafu iliyozungushiwa mbao ndefu, pana vya kutosha mtu kukaa ndani pamoja nao. Mwaga nyasi kavu nyingi, weka mabomba ya maboksi yenye matundu pande zote mbili, na bakuli la mchanga katikati. Wale dada usiwatenganishe. Waingie pamoja, maana kila mmoja ndiye ujasiri wa mwenzake. Vaa glavu nene, uwe na taulo na kizoleo mkononi.

Hapo sasa ndipo watu wengi hushindwa, kwa kuingilia kila kelele. Watapandana, na hiyo kwa majike ni kutafuta nani mkubwa. Watasimama kwa miguu ya nyuma wakisukumana kwa mikono. Watapigana teke la ubavuni, mdogo atapiga yowe ambalo litakukata maini, atafukuzwa hatua kadhaa kisha mkubwa atageuka kula. Hayo yote yaache, wanaandikiana mkataba. Ya kuingilia ni mawili. La kwanza ni mmoja kumwandama mwingine bila kumwachia nafasi ya kupumua, manyoya yamemsimama. La pili ni wakifungana kuwa mpira unaobingirika. Hapo tupia taulo au chomeka kizoleo katikati. Mkono mtupu usiupeleke kabisa, watakung'ata bila kukujua. Na popote pale usimkamate degu kwa mkia: ngozi ya mkia huvuka ikabaki mkononi mwako, na haioti tena. Damu ikitoka, kikao kimekwisha kwa siku nyingi, rudini kwenye wavu.

Kikao kikienda vizuri kimalize kungali kuzuri, hata kama ni dakika kumi. Kesho ongeza. Wakifika mahali pa kulala rundo moja kwenye nyasi zako, kizimba sasa kioshwe chote, mbao zilizonywa mkojo zibadilishwe, vitu vipangwe upya hata mkubwa asipajue. Vijumba vya mlango mmoja vitoe. Mkubwa akiketi mlangoni, mdogo aliye ndani ni mfungwa. Maji, nyasi na mchanga viwe zaidi ya sehemu moja. Waingize asubuhi ya siku ambayo hutoki, na ya kesho yake pia.

Jambo moja nakusihi: usijaribu kununua amani kwa zabibu na vipande vya tufaha. Mwili wa degu hauwezi sukari, hupata kisukari upesi na mtoto wa jicho hufuata. Nyasi kavu nzuri na majani machache vinatosha kuwa karamu.

Wakishaungana, usimtoe mmoja akalale kwingine kwa sababu ya ugomvi mdogo. Harufu ya pamoja hupotea haraka, na akirudi anaweza kupokewa kama mgeni. Hata ukimpeleka mmoja kwa daktari, wachukue wote watatu kwenye boksi moja. Majirani zangu wananiona nikishuka kwenye basi na ukoo mzima kwa ajili ya ukucha mmoja. Nimezoea.

Na ikishindikana? Wapo wasiokubaliana, kama walivyo watu. Basi wataishi na wavu katikati, wakisikiana na kunusana, dada wawili huku na mkubwa kule, na bado atakuwa na hali bora kuliko hii ya sasa. Hutakuwa umeshindwa chochote.

Kwa hiyo Jumamosi kawachukue wadogo, lakini walale chumba cha wageni. Nipimie upana na kimo cha kizimba kwa sentimita unitumie kabla hujanunua kitu. Binamu yako ana mabaki ya wavu mzuri gereji na atakukatia bure. Daktari wa mkubwa mpigie kesho asubuhi, usingoje wikiendi.

Ni mimi shangazi yako.