Chupa Iko Wapi?

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Kilosa, baba akiwa kibarua wa mkonge na mama mkulima wa mahindi. Nikasoma, nikaingia chuo cha uuguzi, nikapangiwa mapokezi ya hospitali ya wilaya, na hapo ndipo nilipozeekea. Sista aliyenifunza kazi tumemzika majuzi. Matangani nikawasikia kinamama wakielekezana: mtoto akinywa mafuta ya taa, mpe maziwa, kisha mtie kidole kooni atapike. Niliwakatiza palepale.

Wakati wetu koroboi iliwaka kila nyumba, na mafuta yake yalikaa kwenye chupa ya soda, chini, karibu na mtungi. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, anaona kama maji. Akipiga funda moja tu hukohoa, na kikohozi hicho ndicho cha kuogopa. Mafuta ya taa ni mepesi, hutambaa haraka. Yakiteleza kidogo tu kuingia njia ya hewa, huunguza mapafu. Yakibaki tumboni, madhara yake kwa kawaida si makubwa. Ukimtapisha unayapitisha kooni mara ya pili. Maziwa na mawese nayo humletea kutapika.

Hapo ndipo Sista alipogombana na mganga mmoja, ambaye simtaji. Kila mtoto aliyenuka mafuta alitaka kumpitishia mpira wa kuosha tumbo. "Daktari, shida haiko tumboni, iko kifuani," Sista alimwambia mbele yetu sote. Akajibiwa kwamba muuguzi hafundishi. Sista hakunyanyua sauti. Alimfunua mtoto shati, akatuonyesha pua zinavyotanuka na mbavu zinavyoingia ndani kila anapovuta pumzi, akaagiza oksijeni. Asiye na dalili tulimlaza chini ya uangalizi, walau saa sita, tukimhesabia pumzi.

Hata Marekani wazazi walishauriwa kwa miaka mingi kuweka nyumbani sharubati ya ipekaki ya kumtapishia mtoto. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha huko kikasema isitumike tena nyumbani. Sista alikuwa na haki.

Swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Mama, chupa iko wapi?" Sumu hazifanani. Aliyekunywa dawa ya kunyunyizia nyanya huja akitokwa mate na jasho, kifua kinakoroma, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano. Huyo anahitaji atropini, tena ya kurudiarudia mpaka kifua kikauke, na nguo zake zivuliwe, aoshwe kwa sabuni na mtu aliyevaa glavu. Bila chupa wala kibandiko chake, dakika za kumwokoa zinaishia kwenye kubahatisha.

Ninyi wauguzi vijana, hapa nasema kwa uchungu: acheni kumsuta mzazi mlangoni. Mama akifokewa husema "sijui". Familia ya binti aliyekunywa kwa kusudi hukwambia ni malaria, kwa kuogopa aibu na polisi, na binti anakufia mikononi huku unapima malaria. Mkalishe mama, mwite mama, muulize mwanawe amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Mahubiri yatasubiri.

Nanyi wazazi, mafuta na dawa za shamba visikae kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Ajali ikitokea, usimtapishe mtoto, usimpe maziwa wala mafuta. Kama mwili umemwagikiwa, vua nguo, osha kwa maji mengi. Aliyezimia mlaze ubavu. Kama una simu, piga hospitali wakuandalie. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ina kituo cha matukio ya sumu, ambacho waganga wanaweza kukiuliza. Panda bodaboda uondoke, hata kama mtoto anacheza. Na chupa, tafadhali, njoo nayo.