Safu ya Tatu

Boti iliponishusha Kiwayu, mwanzo wa Mei, nilikuwa na begi moja, madaftari mawili na barua ya kazi ya miezi mitatu. Cheo kilikuwa kirefu kuliko mshahara: mratibu wa watu wa kujitolea. Jamaa zangu Kisauni niliwaeleza hivi: alfajiri tunatembea ufukweni kutafuta viota vya kasa, jua likipanda tunaokota plastiki, na mimi nahakikisha hakuna anayezirai kwa kiu.

Kiwayu ni kisiwa kirefu na chembamba. Magharibi kuna mikoko na maji yaliyotulia. Ukivuka vilima vya mchanga kwenda mashariki unakutana na bahari kuu, na wakati wa kusi bahari hiyo haina mzaha. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, eneo la kilomita za mraba 250 hivi linalopanda hadi karibu na mpaka wa Somalia.

Watu wangu walikuwa kumi na wanne. Saba walitoka Nairobi na Mombasa kwa wiki mbili, na kofia zao na chupa zao za maji za bei. Saba walikuwa wa hapo hapo kijijini: vijana wanne, kina mama wawili, na mzee mmoja mvuvi ambaye hakuna aliyenieleza kwa nini yumo kwenye orodha. Siku ya kwanza nilipotoa hotuba yangu kuhusu moyo wa kujitolea, mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Wao wanajitolea wiki mbili. Sisi tunaobaki tunaitwaje?” Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana sikuwa na jibu.

Kazi ya plastiki haina siri. Unainama, unaokota, unatia guniani. Chupa, vifuniko, kamba za nyavu, miswaki, na kandambili: za bluu, nyekundu, za watoto, karibu zote za mguu mmoja. Kandambili zina historia hapa. Ni Kiwayu, mwaka 1997, ambapo Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi wa bahari, aliona watoto wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na kandambili zilizotupwa na maji. Kina mama wakaanza kuzichonga kuwa vitu vya kuuza. Na mwaka 2018, huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Wageni wangu walizipenda sana hadithi hizi. Mama mmoja alisema tu, “Tukiokota leo, kesho zimerudi,” akaendelea kuokota.

Kasa ndiye aliyenishinda.

Asubuhi moja ya wiki ya kwanza, mzee alikuwa mbele yetu kama kawaida. Akasimama. Mchangani palikuwa na alama pana, kama mtu ameburura gunia kutoka majini na kulirudisha. Mzee alipapasa kwa kidole, akapata pale pale mayai yalipo. Kisha akatazama mstari wa mwani mkavu pale maji yalipofika bamvua iliyopita. Kiota kilikuwa chini ya mstari.

“Kihamisheni sasa hivi,” alisema. “Bamvua ijayo italala juu yake.”

Kanuni ziko wazi, na nilizijua. Mayai ya kasa yakishakaa saa chache mchangani, kiinitete hujishika kwenye ganda upande wa juu. Ukiyageuza baada ya hapo, kinakufa. Kwa hiyo unahamisha mapema au huhamishi kabisa. Lakini barua yangu ilisema kila uhamisho lazima uidhinishwe. Nikapanda kilima cha mchanga kutafuta netiweki, nikatuma ujumbe kwa msimamizi wangu, nikangoja. Mzee alikaa karibu na kiota mpaka jua likawa kali, kisha akaenda zake baharini.

Ruhusa ilikuja saa tatu usiku. Tulihamisha asubuhi iliyofuata. Mayai 112, kwenye ndoo zenye mchanga, mikono mingi, simu nyingi juu. Nilisema “taratibu, taratibu,” nikijua kwamba utaratibu ule ulikuwa wa jana. Mzee hakuja. Picha zilitoka nzuri mno.

Wiki mbili zikaisha, wageni wakaondoka wakilia, tukabaki wanane. Kasa huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Nilianza kupita pale kila jioni tangu siku ya 48. Siku ya 60, kimya. Ya 65, kimya. Siku ya 70 tukafukua, mimi na mzee. Maganda matupu yalikuwa tisa. Mengine yote yalikuwa mazima, mazito, na yananuka.

Mzee hakusema “nilikuambia.” Ningependa angesema. Aliosha mikono baharini akaniambia kwamba ujanani alifuata alama hizi hizi ili ale mayai. “Nilikula mengi,” alisema. “Lakini haya hata hayakuliwa.”

Usiku nilifungua daftari. Kuna safu ya maelezo, na ningeweza kuandika “maji ya bamvua.” Nani angebisha? Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na nilitaka kuitwa tena. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelifanya kwa mkono wangu tangu Mei. Safu ya tatu inauliza nani aliona kiota. Wageni walipoona, niliandika majina yao kamili. Kwa vingine vyote, kurasa kwa kurasa, nilikuwa nimeandika “mwanajamii.”

Mwanajamii. Ndiye aliyeona karibu kila kiota. Ndiye aliyesema kihamisheni sasa hivi.

Niliandika: kilihamishwa baada ya saa 24, kwa uamuzi wa mratibu. Nikaweka jina langu. Asubuhi nilimpelekea mzee daftari, nikamsomea. Alinitaka nirudie ile sehemu yenye jina langu. Kisha akasema, “Kama kosa lina mwenyewe, basi na kazi iwe na mwenyewe. Andika na langu.”

Ikatuchukua siku mbili kwenda nyuma. Mzee, kina mama na wale vijana walikumbuka kila kiota: nani alikuwa mbele, upepo ulikuwaje, nani alichoma mguu kwa kipande cha chupa. Pale walipobishana niliacha majina mawili.

Sijaitwa tena. Labda ni ripoti, labda ni pesa za mradi, sikuuliza. Juzi kijana mmoja wa kikundi alinitumia picha ya ukurasa mpya wa daftari. Kiota kipya, mayai 98, kimehamishwa saa moja baada ya kuonekana. Hati ni ya mtu asiyezoea kalamu, herufi kubwa kubwa, zimetoka nje ya mistari. Safu ya tatu imejaa jina lote, mpaka la babu.