Bei ya Shuka la Kudarizi

Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha. Hata hivyo, kitandani kwangu hapa Dodoma pametandikwa shuka lililodariziwa kwa mkono, na mama aliyelidarizi hana kima cha chini.

Tupige hesabu. Kwa saa 45 za kazi kwa wiki, ambazo ndizo ukomo wa kawaida kisheria, shilingi 500,000 ni takriban 2,560 kwa saa. Tuseme shuka lilimchukua saa 60, usiku, baada ya shamba na jiko. Ujira pekee ungezidi shilingi 150,000, kabla ya kitambaa na nyuzi.

Kisha mnunuzi mwenye mshahara humwambia, “Mama, nipunguzie.” Kinachopunguzwa hukatwa katika saa zake, maana mwenye duka la nyuzi hakumpunguzia yeye.

Ndugu msomaji, kabla ya kuomba upunguziwe, muulize kwanza: limekuchukua siku ngapi?